Magurudumu ya Mbele

Kyebando, Kampala

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa kitako, maana nakujua, ukisomewa jambo umesimama unaanza kutafuta ufagio. Goti linasemaje na baridi ya huko Mlalo? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilikufikia, au iliishia magotini mwake? Na tangi la maji linaendeleaje? Mwanaidi aliniambia siku hizi hamshuki tena bondeni na ndoo, mnafungua koki hapo hapo uani. Alhamdulillahi. Habari ya tangi nitairudia, usiisahau.

Mimi ni mzima wa mwili. Useremala unakwenda, vitanda vinatoka, na Waganda wanaendelea kuoa, kwa hiyo njaa hainijui. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako, mama, ni redio ya mtaa. Unaiweka mezani inapayuka, na jirani anaitikia kabla yako. Kwa hiyo wewe dada yangu Mwanaidi unayesoma, funga mlango kwanza. Soma polepole, wala usiruke mahali ili kumfurahisha mama.

Habari niliyo nayo ni ya pikapu, na habari ya pikapu ni ya Rajabu.

Unajua kwa nini nilitaka gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne na si jingine. Watu hapa walinicheka. Seremala wa mjini, lami iko mlangoni, unataka gari la porini la nini? Hawakuwa nasi asubuhi ile ya mvua tulipomkodia marehemu baba teksi, ikafika kona ya Kwa Mbwana ikaanza kurudi kinyumenyume kwenye tope. Tukamshusha, tukambeba kwa machela. Mimi nilishika mbele kushoto, Rajabu akashika mbele kulia, na baba alitutoka kabla hatujaiona lami. Tulipomaliza kuzika, mimi na Rajabu tuliahidiana kwamba mmoja wetu akipata, ataleta gari linaloweza kupanda kona ile, ili mgonjwa mwingine asife njiani. Nilidhani ahadi ile ilikuwa ya watu wawili.

Pikapu niliipata Nateete, kwenye uwanja wa nyuma ya soko, kwa mzee mmoja aliyekuwa mnunuzi wa kahawa. Ilikuwa na kutu mpaka unaiona barabara ukiwa umekaa ndani, na mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani. Lakini Rajabu alilala chini yake, akatoka na mgongo mzima wa vumbi, akasema injini ina roho na vyuma vya chini havijaguswa. Tukaipeleka kwenye bwawa la matope kuijaribu. Nikavuta gia ile ndogo ya pembeni, magurudumu ya mbele yakashika, ikatoka kwenye tope kama ng'ombe anayetoka mtoni. Rajabu alicheka mpaka akakaa chini. Alisema, "Hii itafika Kwa Mbwana inapiga mluzi." Nakuandikia maneno hayo ili ujue kwamba siku ile magurudumu ya mbele yalikuwa hai, na yeye aliyaona kwa macho yake.

Sasa nikueleze desturi ya hapa, maana bila hiyo hutanielewa. Kampala mtu akipeleka gari gereji, analikalia. Anachukua kiti au kipande cha tairi, anakaa pembeni ya gari lake tangu asubuhi mpaka fundi afunge kazi. Chakula analetewa hapo hapo. Si kwamba anamtukana fundi. Wote wanajua kwamba jicho likiondoka, chuma kizima kinatoka na kibovu kinaingia. Hata mashekhe hukaa, hata maaskari.

Mimi sikukaa. Rajabu alilipeleka gari kwenye gereji yao anakofanyia ufundi, pale chini ya kilima cha Kibuli, likalala kwake wiki tatu, nami nilikuwa huku Kyebando napiga randa. Jirani yangu aliponiuliza kwa nini silikalii gari langu, nilimcheka. Nilimwambia nikae nimlinde nani, Rajabu? Mtu niliyenyonya naye ziwa moja? Mama yake alipofariki, yeye akiwa na siku saba, wewe ulituweka mmoja kulia na mmoja kushoto, na mpaka leo unasema yeye ndiye aliyekuwa na pupa. Nilimsimulia yule jirani yote hayo kwa majivuno. Ewe Mola, mdomo wangu.

Alinirudishia pikapu imekuwa bibi harusi. Sakafu mpya, rangi ya kijani, milango inafunga kwa kidole kimoja. Nami nikaitengenezea bodi ya mbao za mvule, na nyuma nikaandika RADHI ZA MAMA. Maneno hayo aliyachagua Rajabu. Mimi nilitaka kuandika Mlalo tu.

Nimeiendesha tangu wakati ule, kwenye lami, na kwenye lami hakuna anayevuta gia ya pembeni. Nilibeba vitanda, nikabeba makabati, nikawa najiandaa kurudi nyumbani jumla kabla ya masika. Ndipo ulipofika ule wakati wa tangi. Ulinipigia simu sauti ikiwa juu, ukasema Rajabu amekuletea tangi kubwa jeusi pamoja na mabomba yake, kwamba mjomba Shekiondo amewakusanya watu wakamsomea dua, na kwamba wanawake wa mtaa wamepiga vigelegele. Kisha ukanitania, ukasema, "Mwenzio kanikumbuka kwa maji, wewe unanikumbuka kwa vyuma." Nilicheka, mama, lakini iliniuma kidogo. Nikajilaumu kwa kumwonea wivu ndugu yangu, na Ijumaa iliyofuata nikamnunulia kofia.

Mvua za hapa zilipoanza, nilipeleka kitanda kwa mteja mlimani, kwenye njia ya udongo. Pikapu ikakwama mahali ambapo hata punda hakwami. Nikavuta gia ndogo. Magurudumu ya nyuma yakawa yanachimba kaburi, ya mbele yametulia tuli. Watu sita walinisukuma, na kitanda tulikipandisha kwa vichwa.

Hata hapo sikumshuku. Nilikwenda kwa Rajabu mara mbili. Mara ya kwanza alisema gia hiyo ni nzito kwa kuwa haijatumika. Mara ya pili alisema ataiangalia mvua zikipungua, na aliyasema hayo akifuta spana ambayo tayari ilikuwa safi. Kama ningekuwa na akili ningeiona ile spana.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kuswali Kibuli, na baada ya swala nikateremka kumngojea pale gereji. Alikuwa hajafika. Alikuwepo Mzee Farajala, fundi mkongwe wanayechangia naye uwanja. Huyu ni Mnubi, wa wale ambao babu zao waliletwa na jeshi la zamani kutoka Sudan, na Kiswahili chao ni cha hapa hapa. Kwa kuua muda nikamwomba aangalie. Akainua mbele kwa jeki, akazungusha gurudumu kwa mkono. Likazunguka jepesi, bila sauti. Akanitazama, akalala chini, akafungua difu ya mbele, lile boga la chuma ambalo ndani yake kuna meno yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ndani mlikuwa mtupu, msafi kama chungu kilichooshwa.

Nilimuuliza kama limeharibika. Akasema, "Hapana haribika. Hii wametoa. Ilitoka hapa hapa, mimi mwenyewe nilisaidia kubeba. Ndugu yako alisema wewe umekubali kuuza." Kisha akajifuta mikono taratibu, akaniuliza kwa huruma iliyoniuma kuliko tusi, "Sasa wewe, kwa nini hukukaa na gari yako?"

Nilikaa kwenye tairi. Ndiyo siku ya kwanza niliyokaa pale.

Rajabu akaja akiwa na kanzu na kofia ile niliyomnunulia. Aliliona boga la chuma limelala chini wazi. Nilimuuliza kama ni yeye. Hakukana. Afadhali angekana, mama, ningepata kitu cha kubishia. Nikamuuliza meno ya difu yamekwenda wapi, akasema yamekwenda Mlalo. Sikumwelewa. Akasema tena, na mara hii alinitazama.

"Wewe unampelekea mama gari. Mimi niende na nini, Athumani? Nining'inize mikono? Nimempelekea tangi."

Ndiyo hivyo, mama. Maji unayokunywa ni magurudumu yangu ya mbele.

Nilimwambia gari ni letu sote. Akasema huo ni mdomo, maana Mlalo nzima inasema gari la Athumani, hata wewe unasema gari la Athumani. Akasema alijua sitavuta gia ile mjini, na kwamba angetafuta meno mengine ayarudishe kabla sijasafiri. Nikamuuliza, na kama usingepata? Nikaenda hivyo hivyo, nikafika kona ya Kwa Mbwana na mgonjwa nyuma?

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. Kona ile anaijua. Alishika machela.

Mama, ningeweza kusamehe mwizi. Kampala imejaa wezi, na wengine ni watu wazuri tu. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba alikaa na mimi akanichagulia maneno ya kuandika nyuma ya gari, naye anajua mbele hamna kitu. Na dua ile. Mliinua mikono mkamwombea baraka kwa wema wake, na mimi nikaitikia amina kwenye simu. Ulitufundisha kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hukutuambia aliyenyonya nawe tumweke upande gani. Mimi nilimweka kwa waliozaliwa nami, tena mbele kabisa.

Sasa naungama langu, kabla hujalisikia kwake. Sikumpiga. Nilimwambia neno. Nilimwambia, "Nenda katafute mama yako." Unajua mama yake yuko wapi. Rajabu alivua kofia akaiweka kwenye boneti, akaingia ndani ya gereji. Mzee Farajala alisema kwa Kinubi maneno ambayo sikuyaelewa, lakini hayakuwa ya kunisifu. Nina hasira na Rajabu mpaka sasa ninapoandika, na hasira hiyo siiombei msamaha. Kwa neno lile naomba msamaha, na nauomba kwako, kwa sababu nilikugusa wewe.

Usilimwage tangi. Nakujua, unaweza. Watoto wa Mwanaidi wasirudi bondeni kwa ajili ya ugomvi wa watu wazima. Wala usimnyime radhi, maana ukimnyima kwa ajili yangu nitakuwa nimemwibia zaidi ya alivyoniibia. Lakini usimsifu mbele yangu kwa muda, mama. Hilo tu nakuomba. Ukiulizwa tangi limetoka wapi, sema limetoka kwa wanao.

Meno ya difu nimeyatafuta, ya gari la zamani namna hii hayaonekani, na masika hayanisubiri. Nitakuja hivyo hivyo, na magurudumu mawili. Nikifika chini ya kona ya Kwa Mbwana nitaliegesha, nipande kwa miguu. Nikiingia uani usiniulize ya safari. Nipe kwanza kikombe cha maji ya tangi, niyaonje.

Nisalimie mjomba Shekiondo, mwadhini wetu, umwambie dua zake zinafika ila zinakosea mlango. Nisalimie shangazi mshona mashuka, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha kuandika mchangani kwa kidole. Watoto wa Mwanaidi nawabusu, hasa yule mtundu.

Barua zote tulizokuletea tangu tuje huku, mimi naandika na Rajabu anatia jina lake chini ya langu, hata zile alizokuwa mvivu kuzisoma. Hii nimeikunjua na kuikunja mara nyingi, na pale chini nimemwachia nafasi yake. Mwanaidi, ukimaliza kusoma, mwonyeshe mama pale patupu. Aamue yeye kama patajazwa.

Mwanao,

Athumani