Bandi za Mama

Vuga, Lushoto
2 Julai 2024

Mpendwa Dada Husna,

Shikamoo dada. Habari za Sumbawanga? Shemeji Kassimu hajambo? Watoto je? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu, ila baridi ya mwaka huu, acha tu. Nakata vitambaa nimevaa makoti mawili.

Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa kucheka, na hili si la kucheka.

Idi tulichoma jogoo. Mke wangu Latifa alimgeuza vizuri juu ya makaa, lakini alikauka kama ubao. Hakuna aliyekumbuka kukaa pembeni na kile kifundo cha mchaichai, kuchovya mafuta na limau, kumpaka kila mara. Ile ilikuwa kazi yako. Mama alitafuna, kisha akauliza mwanao wa mwisho ana miaka mingapi sasa.

Basi nikataka kumfurahisha. Unalikumbuka gauni la kitenge cha kijani alilokukatia mwaka ule ulioahidi kuja? Miaka minne liko msumarini na bandi zake nyeupe, mshono wa mkono wa kushikiza tu, likingoja ulijaribu ndipo lishonwe. Nikalipitisha cherehani kwa vipimo vyako vya zamani, nikafumua bandi zote, nikalipiga pasi. Nilijiona fundi kwelikweli!

Mama haoni vizuri siku hizi, ana mtoto wa jicho. Alilipapasa mishono, akaniomba wembe.

Dada, alilifumua lote kwa kupapasa, siku mbili. Nikamwomba radhi. Akasema, "Ramadhani, mwenye mwili hajaja, wewe umemshonea nani?" Akanituma nimtungie uzi, akapiga bandi upya. Zimekwenda kombo, nyingine hazikushika kitu. Wewe uliyenifundisha kazi hii ungenichapa kwa bandi kama zile. Sikuzigusa.

Hospitali wamempangia upasuaji mwezi wa tisa, naye hataki. Anasema ataingia ukiwapo, ili akifunguliwa macho akuone wewe kwanza. Daktari anasema tusizidi kuchelewa.

Nimekukumbuka, dada. Mtu mzima na ndevu zangu, nimekukumbuka mno.

Mjomba Sharifu na Latifa wanakusalimu. Wabusu watoto. Mungu akufungulie njia ya kupanda huku milimani.

Mdogo wako akupendaye daima,
Ramadhani

Tena, usinitumie vipimo kwa simu. Mama kanikataza kuvipokea.