Nilisema Maji Yamesimama

Mshauri wetu, shikamoo. Ukurasa wako nausoma kila Jumamosi na sikufikiri nami nitafika humu, ila nimefika, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka. Nafanya kazi kituo cha kusukuma maji, kazi yangu ni kupiga hesabu za mwendo wa maji, na mume wangu ni mpiga mbizi wa kituo hichohicho, yeye ndiye anayeingia mtoni kusafisha wavu wa chuma kwenye mdomo wa bomba kubwa, na safari hii mkuu wa kituo hakutaka pampu zizimwe kwa sababu mara ya mwisho mji mzima ulipiga simu kulalamika, basi mimi nikasimama mkutanoni, hakuna aliyenituma, nikasema hakuna haja ya kuzima kitu, mto unasukuma maji huku na bomba linayavuta kule, kuna mahali nguvu hizo zinalingana na maji yanasimama kabisa, kasi sifuri, mtu anaweza kukaa pale na fimbo yake ndefu akakwangua wavu kama yuko kwenye kiti. Nikawaonyesha mahali penyewe kwenye mchoro, karibu na ngazi. Wakapiga makofi. Tangu siku hiyo wananiita Mama Sifuri.

Sasa mshauri, Jumapili nilikuwa naosha vyombo, nikavuta kizibo cha sinki maji yakiwa bado yanamiminika, nikaona ganda la kitunguu limefika mahali, haliendi mbele wala halirudi nyuma, nikasema moyoni ile pale sifuri yangu, halafu likaenda pembeni taratibu, likageuka, likazama tunduni. Nikaacha vyombo na povu lake nikaenda kufungua karatasi zangu. Kasi ya maji ina sehemu mbili, ya kufuata mto na ya kuukata mto, na maji hayajasimama mpaka zote mbili ziwe sifuri mahali pamoja, mimi nilitafuta ya kwanza, nikapata jibu, nikafurahi, ya pili sikuigusa. Mahali penye sifuri moja ni pengi, panafanya duara zima, nami nikachagua palipo karibu na ngazi, kumbe sifuri ya kweli ni moja tu, iko ng'ambo ya bomba, upande mto unakoelekea, katikati ya mkondo. Pale nilipomweka mume wangu, maji yatamvuta pembeni kisha yambandike kwenye wavu.

Anazamia Jumatano ijayo. Tena anajivunia, anawaambia wenzake mke wangu kanitafutia pa kusimama, na mama mkwe ambaye miaka sita hajaielewa kazi yangu alinishika mkono akasema sasa nina amani. Uso wangu nitauweka wapi? Nimefikiria nijifanye mgonjwa Jumatano ili abaki nyumbani, au nifiche vazi lake la mbizi, au nimwambie nimeota vibaya. Kipi kitafaa?

Mama Sifuri

MSHAURI ANAJIBU

Binti, hakuna kinachofaa. Ukiugua Jumatano, atazamia Alhamisi. Ukificha vazi, ataazima. Na ndoto niachie, wewe ni mtu wa hesabu.

Miaka kumi na tisa nimejibu barua za watu wanaoficha simu, wanaoficha watoto, mmoja alificha meno ya bandia. Wewe ni wa kwanza kuficha nusu ya hesabu, tena kwa mtu anayeingia majini kwa sababu amekuamini. Aibu naijua. Niliwahi kumshauri msomaji amrudie mumewe, kisha nikaandika hapahapa kwamba nilikosea. Nilidhani nitakufa. Watu wakafungia vitu vyao gazeti lile na maisha yakaendelea.

Barua yako uliiandika kwenye karatasi ya ofisi, namba ya simu iko juu. Siwezi kuacha mtu aishi au afe kwa kutegemea kama mkewe atanunua gazeti. Alhamisi nilipiga, nikamtaka mpiga mbizi. Siri ya msomaji haitoki humu, hii imetoka, unikasirikie.

"Mama, hilo nalijua," akaniambia. "Sizamii mahali kabla sijashusha jiwe lenye kitambaa. Jumatatu nilishusha pale alipoweka alama. Kitambaa kikalala kuelekea bomba."

Nikamuuliza mbona hajakwambia.

"Namngoja. Jioni ile alinitazama kama ana neno, akaniuliza kama nimekula. Juzi hivyohivyo, jana hivyohivyo. Nikisema mimi nitakuwa nimemkamata. Nataka aniambie mwenyewe." Akaongeza, "Lakini ikifika Jumatano hajasema, mama, nitaishi naye vipi?"

Kwa hiyo mumeo hatakufa. Ndoa yako ndiyo iliyokaa pale kwenye alama yako.

Weka gazeti hili chini. Nenda alipo, anza na neno "nilikosea", na usianze na mto wala duara, hayo atakuuliza mwenyewe. Jumatatu simama mkutanoni uwaambie hivyohivyo, kwa sauti ileile uliyotumia mara ya kwanza, na pampu zizimwe. Mji utakaa nusu saa bila kuosha magari. Makofi hutapata, zoea.

Nilimwomba mumeo asinunue gazeti la leo. Alisema hana haja nalo, atashinda nyumbani.