Siti ya Mnoa Visu

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu fundi baiskeli,

…ndiyo hivyo, wino uliniishia pale nikikwambia shemeji yako amekataa na siti yako ya tatu. Haya, hujambo lakini? Watoto? Sisi wazima, ila huyu mume wangu na makalio yake! Mtu anapiga pedali kutwa nzima sokoni na haendi popote, anazungusha jiwe la kunolea visu tu, halafu anadai siti inamuua. Nimemkatia sponji ya godoro, nene hivi, nikaishonea kava. Jirani akauliza, "Mama, mumeo anataga?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Siku hizi hata kula anakula kasimama, kama askari wa zamu. Na kava kila nikifua linatoa wekundu. Anasema kutu ya springi. Basi nitafutie isiyo na springi.

Dada yako mwenye mdomo


Tarehe 9 Machi

Dada, shikamoo. Sisi hatujambo.

Siti situmi. Kutu haipenyi sponji nene hivyo, dada. Mpeleke hospitali leo hii. Akigoma, mwambie fundi hachagui siti bila karatasi ya daktari.

Mdogo wako


Tarehe 27 Mei

Mdogo wangu,

Pokea salamu zote kwa mkupuo, na usininunie kwa kukaa kimya. Uongo wako aliumeza. Kufika kwa daktari akasema, "Nimekuja kupimwa siti." Daktari wala hakucheka, alinitazama mimi.

Ni uvimbe, kule ndani. Damu inamtoka tangu mwaka jana. Nikamuuliza, mbona hukuniambia mkeo? Akasema, "Ningekwambia, soko zima lingejua kabla ya adhuhuri." Miaka ishirini na mbili tunalala kitanda kimoja, ananiogopa mdomo! Na kinachoniuma ni kwamba kweli ningesema. Ningewachekesha nacho.

Wamemwingiza kupasuliwa tangu asubuhi. Walituambia ni kazi ya saa mbili tu, sasa hii ni saa ya tano tunangoja. Mama mmoja hapa kwenye benchi kaniuliza mara mbili mgonjwa wangu ana nini. Nimemwambia mafua. Ndugu yangu, hivi nikijifunza kunyamaza sasa hivi, inasai

Ngoja. Daktari katoka, kavua kofia, anauliza nani mke wa mnoa vi