Kikonyo Kimoja

4 Machi

Kitinda wangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila goti ni lilelile. Mvua imenyesha siku tisa mfululizo na ule ugonjwa wa chulebuni umerudi. Buni zinageuka nyeusi zikiwa bado changa. Ukigusa tawi, zinadondoka. Wewe unayelea miche ya ile kahawa mpya inayostahimili ugonjwa huu, niambie: ning'oe miti yote ya baba yako?

Usinicheke. Kila asubuhi nasikia makasi yake shambani, yanalia kwa kutu kama zamani. Kata, kimya, kata. Nikitazama msumarini, yananing'inia palepale, makavu.

Mama yako

21 Machi

Mama, shikamoo. Pole na goti. Paka ile dawa, usiifiche kabatini.

Sikucheki. Lakini ng'oa. Nimekuwekea miche mia nne. Unakumbuka nilivyomletea baba vikonyo vya kahawa hii, avibebeshe kwenye visiki vyake, vijiti hivyo viungane navyo na kuota? Nilivifunga kwenye mfuko wa nailoni wa buluu, nikauandika juu kwa wino mzito. Akasema, "Kahawa yako ya darasani kanywe na walimu wako," akautupa shimoni mbele yangu. Miaka mitatu sikukanyaga hapo, nikaja kumzika. Sitaki kuiona miti ile.

Mwanao

15 Aprili

Kitinda wangu,

Umeamkaje? Goti limepoa, dawa niliitoa kabatini, umenikamata.

Mwenye msumeno alikuja jana. "Tuanzie wapi, mama?" Nikamwambia, kule yanakolia makasi. Alinitazama kama nimechanganyikiwa, lakini akanifuata. Nyuma ya tangi la maji tukakuta mti mmoja umejaa buni za kijani, safi, na wenzake wote weusi.

"Na huu?" akauliza.

Nikainama. Shinani kuna kovu la kubebesha. Juu yake kuna kipande cha nailoni ya buluu, baba yako amekilegeza kisiubane mti, hakukitupa. Fundo ni lile lake la kuzungusha mara mbili, alilokuwa akikufungia viatu vya shule. Nimelifungua. Mwandiko ni wako: *Baba, jaribu kimoja tu.*

Alijaribu kimoja. Hata mimi hakuniambia, mzee yule.

Mwenye msumeno nimemrudisha kwake. Kipande nimekitia humu.

Mama yako

2 Mei

Mama, shikamoo.

Kimefika. Nimekiweka mezani, sijaweza kukigusa tena.

Miche nimewapa wengine. Mwite yule wa msumeno, akate, asing'oe. Mizizi ya baba ibaki. Mti wa tangini asiuguse. Visiki vikichipua nitavibebesha vyote kwa vikonyo vya mti huo. Nakuja Jumamosi na kisu changu, na nitakaa.

Makasi yaache msumarini. Usiyatie mafuta, Mama. Nataka kuyasikia.

Mwanao