Hisabati kwa Mwali

Kiwangwa, Bagamoyo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, kisha baba, kisha nyumba nzima ya Ujiji pamoja na kuku wake. Goti lako linaendeleaje? Nimesikia umeacha kulipaka dawa kwa kuwa inanuka. Acha inuke, mama, bora upone. Mimi sina ugonjwa, alhamdulillahi, ila nimechoka, na huu si uchovu wa kulala ukaamka umeisha.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu ipo. Simu nimeichoka. Tangu masika nimeongea nayo kuliko nilivyoongea na watu, na sasa ikiita tu, naiangalia kwa hasira kama imenitukana. Zuhura akusomee polepole, asiruke mistari kama kawaida yake.

Ilianza pale upepo ulipoezua mabati ya madarasa mawili. Mkuu wa shule akaamua kidato cha kwanza na cha pili wapishane: nusu ya wanafunzi waje shuleni wiki hii, nusu wasomee nyumbani kwa simu, halafu wabadilishane. Kwenye kikao jambo lilionekana jepesi kabisa. Lakini huku nyumba nyingi zina simu moja, na hiyo moja asubuhi inaondoka na baba kwenda kwenye mananasi, au na mama kwenda kuuza Msata. Nikirekodi somo asubuhi, mtoto analisikia jioni, chaji ikiwepo. Wenye vitochi, simu ndogo zisizopokea somo la kurekodi, nawapigia mmoja mmoja na kuwasomea maswali kama mtangazaji wa vifo. Baba mmoja alinijibia maswali yote yeye mwenyewe kwa kuwa mwanawe alikuwa shamba, kisha akanipigia kwa ukali, "Mwalimu, la tatu umenikosesha kwa sababu gani?" Nikamweleza. Akaniomba nimpe jingine.

Hapo bado nilikuwa na nguvu za kucheka. Kilichonimaliza ni habari ya Mwanahawa.

Mwanahawa ni binti wa kidato cha pili, mkimya, mwandiko mdogo mdogo, na kwa hisabati sijapata mwanafunzi kama yeye tangu nianze kazi hii. Mwishoni mwa mwezi wa saba, wiki ya kikundi chake kukaa nyumbani ilipofika tena, wazee wake waliona wamepata nafasi. Mtoto si yupo tu? Basi akawekwa ndani awe mwali, afundwe adabu na mambo ya nyumbani kama walivyofundwa mama yake na bibi yake. Kwa hesabu yao angetolewa kabla wiki haijaisha. Lakini mwali wa huku hatoki bila ngoma, na ngoma haichezwi bila shangazi, dada wa baba, maana yeye ndiye mwenye mwali. Shangazi yuko Miono. Siku mbili kabla hajaja, akafiwa na mumewe. Akaingia eda.

Basi wakawa wawili ndani, mama, mmoja Miono na mmoja Kiwangwa. Eda ya shangazi, miezi minne na siku kumi, ilikuwa iishe baada ya mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Asiyefanya mtihani ule haendi kidato cha tatu, na binti akikosa mwaka huku, mara nyingi ndiyo imetoka hiyo, harudi tena.

Nilikwenda kwao. Mwali haonekani na wanaume wala sauti yake haisikiki, kwa hiyo nilipokewa na Bi Chiku, kungwi wake, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Nikamwomba angalau masomo ya simu yampite mtoto sikioni. Akakataa katakata. "Sauti ya mwanamume haiingii kwa mwali wangu, hata ikiwa imekaushwa ndani ya simu." Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana hivi: mimi nimfundishe yeye, na yeye akamwambie mtoto.

Mama, mwanao amefundisha aljebra kwa namna hiyo. Jioni nampigia Bi Chiku, yeye anasikiliza akiwa amekaa kwenye mkeka uani, halafu anaingia ndani na kurudia. Siku ya kwanza aliniuliza, "Huyu eksi mtoto wa nani, kila siku anatafutwa?" Nikajieleza nikachoka. Akaniambia, "Haya, mimi nampelekea kama ulivyosema. Mwenyewe atajua pa kumtafuta." Na Mwanahawa alijua. Majibu yalikuja shuleni kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kanga ya Bi Chiku, karibu yote sahihi. Niliposema naye kwa haraka, Bi Chiku alinigombeza kwamba mafunzo hayamiminwi kama maji ya mtungi. Basi nikarudia. Nilirudia sana mwaka huu.

Mabati yalipopatikana na watoto wote wakarudi darasani, dawati la Mwanahawa likabaki tupu. Nikamfuata baba yake shambani. Ni mtu mpole, na alikuwa anaumia, nilimwona. "Mwalimu, mimi ni baba tu," akasema. "Mwenye mwali ni dada yangu. Nimwendee mtu yuko kwenye eda nikamweleze habari za ngoma? Nitamtazama vipi?" Nikaondoka. Usiniulize kama nililia. Nililia.

Aliyenishangaza ni Bi Chiku. Zikiwa zimebaki siku chache mtihani uanze, alikuja shuleni bila karatasi. "Twende Miono," akasema. Tukaenda, kila mtu na pikipiki yake, maana alisema hapandi mishikaki, abiria wawili pikipiki moja, na mwanamume. Yeye akaingia ndani kwa mfiwa, mimi nikakaa barazani, mlango una pazia. Nikatoa pole yangu kwa pazia. Nimezoea, mwaka mzima nasema na watu nisiowaona.

Nikamweleza shangazi yote, tangu upepo mpaka mtihani. Kisha nikamsikia, sauti imekauka.

"Chiku, mtoto bado yuko ndani?"

"Bado, bibie. Anakusubiri wewe."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje, na msiba ule?"

"Mimi niko ndani kwa kuwa nimefiwa na mume wangu," akasema. "Yule mtoto kafiwa na nani?"

Mama, kijiji kizima kilikuwa kimemheshimu mfiwa kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kumwuliza, na neno lenyewe lilikuwa dogo hivyo. Pazia likasogea kidogo, mkono wa Bi Chiku ukatoka na kanga ya shangazi iliyokunjwa. Shangazi akasema, "Mfunikeni hiyo mumtoe, ndiyo mimi nimekuja. Ngoma msipige, kuna msiba. Na wewe mwalimu, nenda salama, umechoka mpaka nakusikia."

Njiani kurudi sikuweza hata kufurahi. Nilitaka kulala tu.

Siku ya hisabati, ndiyo mtihani wa kwanza, Mwanahawa alikuja amefunikwa ile kanga, kichwa chini, Bi Chiku amemshika mkono. Jua lilimuumiza macho, alikuwa analifinyia kama mtu aliyeamshwa ghafla. Wasimamizi waliotoka shule nyingine waliulizana huyu mgonjwa au vipi. Sisi walimu wa hapa haturuhusiwi kusogea kwenye chumba cha mtihani, kwa hiyo nilikaa mbali, kwenye ngazi za ofisi, na Bi Chiku akakaa upande wa pili akinung'unika dua.

Alipotoka alikuja moja kwa moja. Nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia. "Swali la mwisho sikulimaliza," akasema. "Nilikuwa nalijua. Mkono umekuwa mzito, sijaandika kwa haraka siku nyingi. Wamechukua karatasi, mwalimu, na mimi bado najua."

Masomo yote yale niliyorekodi, na pale nimesimama mbele yake sina hata neno moja. Bi Chiku ndiye aliyemvuta na kumfuta machozi kwa pindo la kanga ya shangazi.

Matokeo hayajatoka. Likizo nitakuja, inshallah, na nikifika msiniulize kitu kwanza, nipeni migebuka na ugali wa muhogo, mniache nilale. Nisalimie baba, mwambie redio yake naileta imetengenezwa. Msalimie kaka Yasini na mkewe, na bibi mzaa baba, mbusu mikono kwa niaba yangu. Zuhura mdogo wangu namshukuru kwa kusoma mpaka hapa, kama kweli amesoma yote.

Na wewe mama, ukimaliza kuswali, nina ombi moja. Mtaje kwenye dua kwa jina lake, Mwanahawa binti Athumani. Mimi niruke kwa leo.

Mwanao,
Haruna