Bubu wa Mutheu

Jumanne, baada ya chakula

...na yote ni kwa sababu ya gunia la viazi! Mpango wetu ulikuwa mzuri. Pensheni yangu ya ualimu ikitoka Tanga hadi hapa Machakos inafika imekonda, kwa hiyo sokoni jirani yangu Mutheu ndiye anayepatana bei kwa Kikamba. Mimi nabeba kikapu na kufunga mdomo, maana wakinisikia tu wananiona mgeni mwenye hela.

Leo mchukuzi kaniangushia gunia kwenye dole gumba la mguu, nikapayuka: "Jamani baba, taratibu, utaniua mwenzio!"

Muuza maembe akamgeukia Mutheu. "Si ulisema huyu ni bubu?"

Mutheu akaanza kukagua nyanya. Nikajua maembe leo nitayala kwa macho.

"Mama, hebu ongea tena," yule muuzaji akasema.

Kwa hofu, nikayasifu maembe yake kwa maneno yote ya Tanga. Wateja wakajaa kusikiliza Kiswahili cha pwani. Akanipa bei ya wenyeji, na nyongeza juu.

"Kesho kuja mapema, uniitie wateja," akaniambia.

Nilistaafu nipumzike. Kesho asubuhi niko kazini, mshahara maembe, na Mutheu keshadai fungu la wakala.