Kituo cha Jina la Kaka Yako

Nyuma ya Msikiti,
Yombo, Temeke,
Dar es Salaam.
22 Septemba 1996.

Mpendwa wifi yangu Tunu,

Shikamoo. Za huko Mwanza? Mgongo wa shemeji Talha umepoa? Na mjukuu wetu Lulu ameshaanza kutembea, au bado anatambaa na kula mchanga? Sie huku wazima, tunakula, tunalala.

Eda nimemaliza wiki iliyopita. Nimeogeshwa, nimefukizwa udi, wanawake wa mtaani wamekuja, wamepika wali, wameondoka. Mie nilikaa nao kama gogo. Tangu tumzike kaka yako sijatoa chozi, wifi. Watu wananitazama kwa jicho la pembeni, na wengine wameshasema nina moyo mgumu. Wacha waseme. Si ugumu, nimekufa ganzi tu. Chai naisahau mpaka inapoa, na nikiambiwa jambo lolote nasema sawa.

Hiyo sawa ndiyo imenifanya nikuandikie, lakini nitafika huko.

Muda wote wa eda nilikaa chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, nikisikia makonda wakimtaja kaka yako tangu alfajiri. Wewe uliondoka zamani, kituo bado kinaitwa Pampu, kwa sababu ya ile pampu ya maji iliyokufa. Biashara ilipokuwa ruksa, daladala za vipanya zikajaa njia hii, na makonda wao walikuwa wageni, hawajui pampu wala nini. Walichokiona ni fundi baiskeli pale kona, na baiskeli zimepinduliwa magurudumu juu. Wakaulizia jina lake, wakaanza kuuliza abiria, "Kwa Faraji wapo?" Jina likakaa.

Sasa kila mtu anapaita kwa ulimi wake. Wazaramo wenyeji wanavuta, "Kwa Faraaaji," kama wana siku nzima. Jirani yangu Editha, mtu wa Newala, anasema "Kwa Falaji." Mangi wa duka, Mchagga yule, anaikwaruza ile herufi ya katikati mpaka koo linamuuma. Makonda ndio hawana muda kabisa. Kama wanavyosema "Kwazizali" kwa pumzi moja, na kituo hicho jina lake ni maneno matatu, na Tandika wameifanya "Ndika," basi na hapa ni "Fara, Fara, Fara!" Kaka yako alikuwaga anacheka. Alikuwa anaitikia "Naam!" huku anaziba pancha, na konda hata hageuki.

Editha alipokuja msibani alinikumbatia, kisha akaniuliza, "Mama Najma, kumbe Falaji alikuwa mtu? Mie namjua Baba Najma, Falaji nilidhani jina la mahali tu, kama Buza." Wenzake wakamfinya. Sikukasirika. Nilimwambia ndiyo, alikuwa mtu.

Mtu mmoja tu wa mtaa huu alikuwa hajawahi kulitamka jina hilo, naye ni mie. Unajua tulivyolelewa, mke hamtaji mumewe. Miaka yote ya ndoa nilimwita Baba Najma, na kwenye gari nilikuwa nasema, "Nishusheni penye baiskeli." Yeye alikuwa akinitania, "Mwanamke wewe, siku moja watakupitiliza mpaka Buza kwa heshima zako hizo." Hata hapo juu nimeandika tu maneno ya vinywa vya watu.

Sasa jambo lenyewe. Shemeji Bakari anataka nyumba iuzwe. Mnunuzi ni Romani, mfanyabiashara mwenye ghala jipya ng'ambo ya barabara. Ataibomoa, pamoja na kibanda cha ufundi, ajenge gesti. Ubao ameshausimamisha, umeandikwa KWA ROMANI kwa rangi nyekundu, na makonda anawapa soda za bure ili wapaite hivyo. Baadhi wameshaanza. Mwanangu Najma akisikia anaziba masikio. Bakari aliponiuliza nasemaje, nilisema sawa. Amebaki kusubiri neno lako tu, wewe dada yao mkubwa.

Juzi nikatoka kwa mara ya kwanza, nikaenda Tandika kununua mchele. Wakati wa kurudi, tulipokaribia nyumbani, konda akauliza, "Romani wapo?" Nikafungua mdomo niseme penye baiskeli. Baiskeli hazipo, wifi. Wenyewe walishakuja kuzichukua, kona imebaki na madoa ya oili tu. Gari linakwenda, na mie sina pa kusema. Nikapiga kelele, "Kwa Faraji, shusha!" Jina zima, kwa mdomo wangu huu, mpaka mama aliyekaa mbele akageuka. Astaghafirullah, hata jasho lilinitoka.

Konda hakushangaa. Aligonga bati, akamwambia dereva, "Fara hiyo, shusha!" Nikashuka, nikaenda kukaa kwenye lile jiwe alilokuwa akikalia kaka yako akifanya kazi, nikalia. Nililia kwa sauti, mchana kweupe, mfuko wa mchele miguuni. Editha alinikuta pale, akakaa chini pembeni yangu, akaupakata mfuko wa mchele.

Sikufichi, ganzi imerudi. Jana chai ilipoa tena. Lakini ile sawa niliyompa Bakari naifuta. Si sawa. Sitaki nyumba iuzwe, sitaki kibanda kivunjwe. Nakuomba wifi yangu, usikubali, na umwandikie mwenyewe, maana mie akinikazia macho nitasema sawa tena. Tulitaniana sana, wewe na mie, uliniita mchoyo wa samli. Hili si utani.

Nisalimie shemeji Talha, na Lulu mpige busu shavuni, akiwa na mchanga au hana. Najma anakuamkia shikamoo shangazi. Mungu akulinde katika safari zako za sokoni, na amlaze kaka yako mahali pema.

Utakaponijibu, juu ya bahasha usiandike tena nyuma ya msikiti. Andika kama nilivyoandika hapa chini, watanifikishia.

Wako akupendaye, wifi yako,
Mauwa,
Kwa Faraji.